Akiba ya Bwana Maini

Mtaani walimwita Maini, na mwenyewe hakulikataa jina hilo kwa kuwa aliliona ni cheo. Alikuwa na bucha ya milango miwili kwenye kona inayotazamana na shule, na baada ya miaka ishirini ya kukata nyama alikuwa amejiridhisha kwamba hakuna anayeijua damu kumshinda yeye. Madaktari waliisoma vitabuni, yeye aliishika kwa mikono. Mteja akilalamika kizunguzungu, Maini alimvuta ukope wa chini, akamgeuza kiganja, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akampimia maini nusu kilo. Kama kizunguzungu kilikuwa cha njaa, maini yalisaidia. Kama kilikuwa cha kitu kingine, mteja hakurudi, na Maini alimhesabu miongoni mwa waliopona.

Ukutani, kati ya leseni na orodha ya bei, alikuwa ametundika fremu ya kioo. Wenzake hutundika picha ya harusi. Yeye alitundika karatasi ya majibu aliyopewa miaka mitatu nyuma, siku wahudumu wa afya walipopiga hema uwanjani wakapima watu bure. Karatasi ilisema wingi wa damu ni 18.6. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mpimaji alikuwa ameandika "arudi kupimwa tena". Maini aliwaeleza wateja kwamba yule mpimaji hakuamini macho yake, akataka ayaone maajabu mara ya pili.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za ile shule ya ng'ambo ya barabara, na damu yake ilikuwa saba tu, karibu nusu ya inayotakiwa. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, na kila mwezi alivuja siku kumi, mwezi mwingine kumi na mbili. Akipanda zile ngazi tatu za bucha alisimama kwenye ya pili kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Viganja vyake vilikuwa vimepauka kama chaki yake ya kuchoria vitambaa. Mumewe alimwita Karatasi mbele za watu, na watu walicheka, maana nyama yao ilikuwa bado haijapimwa.

Kliniki walimwandikia vidonge vya kuongeza damu. Kwa kuwa foleni ya dirisha la dawa ingemwangusha, Maini ndiye aliyekwenda kuvichukua kila mwezi, na kwa hilo alisifiwa mtaa mzima kwamba huyo ndiye mume. Alivimimina kwenye kopo la kahawa, akaliweka juu ya kabati, na kila asubuhi alimpa mkewe kidonge kimoja na glasi ya maji, akasimama kumwangalia mpaka ameze. Bahasha za dawa alizitupa. Miezi minane ikapita hivyo. Fundi alipimwa saba, akapimwa sita nukta tisa, akapimwa saba tena. Muuguzi wa kliniki alimuuliza kama vidonge anavimeza au anawalisha kuku. Fundi aliapa kwamba anavimeza, na kila aliporudi nyumbani aliuona mwili wake kuwa hauna shukrani hata kidogo.

Mwishowe daktari alisema uvimbe utolewe, tena wiki hiyo hiyo, Alhamisi. Daktari huyo alikuwa mama mfupi mwenye maneno machache. Alisema hampeleki mgonjwa wa damu saba kwenye kisu bila chupa mbili pembeni. Kundi la damu la fundi ni adimu kidogo. Kwenye friji ya hospitali ilikuwapo chupa moja tu, ya pili watu wa nyumbani waitafute. Bila hiyo hakuna upasuaji, na wakizidi kungoja, mwezi ujao fundi hatafika pale kwa miguu yake. Fundi aliogopa. Aliogopa hasa, mpaka usiku akawa anahesabu sare alizokuwa hajazimaliza na kujiuliza nani atazimalizia.

Maini, yeye, alifurahi kama mtu aliyeitwa jukwaani. Kundi lake na la mkewe ni moja, na siku aliyoingoja imefika. Alitangaza buchani kwamba Jumanne anakwenda kumtolea mkewe damu, na kwamba hospitali waandae chupa kubwa. Kaka wa mkewe, fundi saa mwembamba ambaye Maini alimbatiza Njiti, alisema kwa upole kwamba hata yeye kundi ni hilo hilo, wamezaliwa tumbo moja, anaweza kujaribu.

"Shemeji," Maini alimwambia mbele ya wateja, "wewe ukitolewa chupa moja, Ijumaa tunakuzika."

Watu wakacheka. Njiti naye akacheka kidogo, akarudi kwenye saa zake.

Chumba cha kutolea damu kilikuwa na viti viwili vya kulalia, mzani, friji iliyonguruma, na pipa la njano lenye mfuniko. Maini aliingia akiwa amevaa shati lake la sherehe, lile jeupe la mikono mifupi analolivaa kwenye harusi za watu. Mkewe alikaa kwenye benchi karibu na mlango. Muuguzi akamchoma Maini kidole, akaweka tone kwenye kijimashine. Akakitazama. Akakipigapiga na kiganja kama redio mbovu, akamchoma kidole kingine.

"Ishirini na moja nukta nne," alisema.

Maini aligeuka kumtazama mkewe, kisha akamwomba muuguzi aiandike kwa hati nzuri kwenye karatasi isiyokunjwa, kwa sababu itawekwa kwenye kioo. Muuguzi hakuandika kitu. Alitoka, akarudi na yule daktari mfupi. Maini akajinyoosha kitini, maana sasa hata wakubwa wanakuja kushuhudia.

Daktari alianza kuuliza maswali, na Maini akayajibu kwa sauti ya mtu anayehojiwa kuhusu mafanikio yake. Kichwa kinauma? Kinauma, lakini ni kelele za shule. Masikio yanavuma? Yanavuma. Vidole vinakufa ganzi? Hapo alisita, akakiri kwamba mara mbili shoka la kukatia mifupa limemponyoka, ila ni mpini, una mafuta. Je, akioga maji ya moto mwili unamuwasha?

Fundi pale kwenye benchi aliinua kichwa. Mwaka mzima nyumba ile ilikuwa na vita vya sabuni. Maini alitoka bafuni akijikuna kama aliyelala kwenye upupu, akamshutumu mkewe kwamba anabana matumizi na kununua sabuni za kufulia magunia. Walibadilisha sabuni sita. Ya mwisho ilikuwa ya watoto wachanga, yenye picha ya mtoto anacheka, na hata hiyo ililaaniwa.

"Si sabuni," daktari alisema. "Ni damu. Uboho wako, ule ulio ndani ya mifupa, unatengeneza chembe nyekundu bila kipimo. Damu imekuwa nzito, inapita kwa shida. Ikiganda kichwani, utaamka siku moja upande mmoja haukutii."

Maini alieleza kwa uvumilivu kwamba daktari amechanganya. Ugonjwa ni kukosa damu, kama huyu hapa mke wake. Kuwa nayo ni afya. Daktari hakubishana. Aliuliza tu, huku akiandika, kama kuna dawa yoyote anayotumia. Maini akakohoa. Akautazama mzani, akaitazama friji.

"Vidonge vya damu," alisema.

"Nani alikuandikia?"

"Ni vya mke wangu."

Ikatoka yote, kidogo kidogo. Bahasha zilisema kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kimoja alimpa mkewe. Kingine alikimeza mwenyewe buchani kwa maziwa, kila siku ya Mungu, na juu yake akala maini. Hakuiba, tafadhali asieleweke vibaya.

"Kwako inavuja, mama watoto," alisema, na sasa alimgeukia mkewe. "Nimimine maji kwenye gunia? Nikasema nusu nikuwekee mimi, mwilini mwangu haipotei. Siku ukihitaji, nakutolea yote. Akiba haiozi."

Fundi hakulia. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, na alishangaa kwamba mwili ule uliokosa damu ya kupandia ngazi tatu umepata ya kukasirikia. Aliikumbuka miezi minane ya kuapa mbele ya muuguzi. Aliukumbuka mkono wa mumewe ukimpa glasi ya maji kila asubuhi, kwa upendo, na dozi nusu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema kwamba kitakuletea na maji ya kunywa. Alitaka kumwambia neno, lakini kulikuwa na jambo kubwa zaidi ya neno. Leo ni Jumanne.

"Kwa hiyo ya Alhamisi?" alimuuliza daktari. "Chupa yangu?"

Daktari alisema damu ya Maini itatolewa, nusu lita leo hii na nyingine wiki ijayo, na itaendelea hivyo mpaka ishuke. Lakini damu yenye ugonjwa haiwekwi kwa mgonjwa. Inatupwa.

Njiti alikuwa koridoni. Alikuwa amemletea dada yake sweta, kwa kuwa wenye damu chache husikia baridi, na alikuwa amesikia yote kwa vile mlango haukufungwa. Aliingia bila kuulizwa. Alivua viatu, akatoa mfukoni kila alichokuwa nacho, funguo, kioo cha kukuzia saa, bisibisi mbili, akavipanga sakafuni ili asije akadhaniwa kuongeza uzito, kisha akapanda kwenye mzani. Kilo hamsini na moja. Kiwango ni hamsini. Kidole kikachomwa: kumi na nne nukta mbili, damu ya kawaida kabisa, ambayo hakuna mtu angeiwekea fremu.

Wakalazwa kwenye vile viti viwili, sambamba, shemeji na shemeji. Mfuko wa Njiti ulijaa vizuri. Wa Maini ulijaa polepole, mweusi kidogo, na muuguzi ilibidi aushikeshike. Mifuko ilipojaa, wa Njiti ulibandikwa jina na namba, vichupa vyake vya kupimia vikapelekwa maabara, na wenyewe ukawekwa kwenye friji kwa mikono miwili. Wa Maini haukubandikwa kitu. Muuguzi alikanyaga kipedali, mfuniko wa pipa la njano ukainuka.

"Dada," Maini aliita kutoka kitini. "Hata kidogo haifai?"

"Hata tone," alisema muuguzi, na mfuniko ukafunga.

Maini aliendelea kulitazama lile pipa. Fundi, aliyengoja kwa miaka siku ya kumwona mjuzi huyo wa damu akiumbuka, hakuona raha aliyotegemea kuiona. Alimwona mumewe amekuwa mdogo ndani ya shati lake la harusi, na akamwogopea. Jambo hilo nalo likamuudhi.

Alhamisi uvimbe ulitolewa, na chupa zote mbili zilitumika. Siku ya pili yake, wodini, Maini alikaa kando ya kitanda na kibandiko cha pamba mkononi. Alikuwa akiikunja na kuikunjua ncha ya shuka.

"Nilikuwa nakutunzia," alisema mwishowe.

"Najua," fundi alijibu, na kweli alijua. Hilo ndilo lililouma. Angekuwa mwizi angemfukuza, mambo yakaisha. "Lakini wewe ni muuza nyama. Kitu cha mtu kikikaa kwako miezi minane, kinakuwaje?"

Maini aliitazama mikono yake. Akafikiria jokofu la bucha, na nyama isiyomaliza humo hata wiki mbili.

Wiki saba baadaye, fundi alipanda ngazi za bucha, ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kusimama. Damu yake ilikuwa kumi na nusu. Ya mumewe ilikuwa imeshuka hadi kumi na saba, kwa gharama ya chupa tano zilizokwenda pipani, na kila safari ya hospitali alisindikizwa na Njiti, ambaye hakumtania hata mara moja, jambo ambalo Maini aliliona ni ukatili. Buchani kulikuwa na wateja wanne. Fundi aliwasalimu. Alimwambia mumewe aishushe ile fremu, naye akaishusha. Alitoa ile karatasi ya 18.6, akaikunja, na mahali pake akaweka bahasha ndogo ya dawa aliyokwenda kuichukua mwenyewe, yenye jina lake na namba mbili zilizoandikwa kwa kalamu ya dirisha la dawa. Kisha akampa aitundike.

Mteja mmoja, mama aliyekuwa akingojea nyama ya supu, aliisogelea akaisoma, akauliza hayo nayo ni majibu ya nani.

Maini alikuwa anafuta kisu. Alikifuta upande mmoja, akakifuta wa pili, na mkewe hakuondoka mlangoni.

"Ni dawa ya mke wangu," alisema. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Vyote ni vyake."