Mzee Kimanzi Aigiza Maiti

Jumamosi asubuhi Kamene alikuwa kwenye mto mkavu nyuma ya shamba lao, njia ya Wamunyu, akiwagawia wenzake chai na mihogo ya kuchemsha, na filamu yao bado haikuwa na maiti. Kitonga alikuwa tayari na kamera. Musili, aliyepewa kazi ya kuwa muuaji, alikuwa amevaa hudi nyeusi, lile sweta zito lenye kofia, kwenye jua lile na jasho linamtiririka. Wa kuuawa alikuwa Bartholomew, lakini mamake alizipata hizo habari akamfungia nyumbani. Waliomba huku na huku wakachoka. Hakuna mama wa Ukambani atakayekubali mtoto wake alazwe chini kama mfu, hata kwa mchezo, na nani wa kumlaumu?

Kazi yenyewe ilikuwa ya chuo, mjini Machakos. Mwalimu Nzembi aliwataka wapige dakika mbili za mwanzo wa filamu ya taharuki, wafuate kanuni zake, halafu wazivunje kiasi. Kamene aliuchagua mto huu kwa sababu yake. Mwaka uliopita babake, Mzee Kimanzi, aliyekuwa akiwafukuza wachota mchanga, alikutwa hapa amekufa. Naibu wa chifu aliandika kwamba mzee alikuwa mlevi na ukingo ukamwangukia. Mzee Kimanzi hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Uongo huo ulimuuma Kamene kuliko kifo chenyewe, na alitaka watu waone ilivyokuwa, hata kama ni mwalimu mmoja tu.

"Maiti nitakuwa mimi," akasema Mzee Kimanzi.

Alikuwa ameteremka kutoka shambani na lile koti alilozikwa nalo, udongo kidogo mabegani. Wakamsalimia kwa zamu. Kamene akammiminia chai, naye akakishika kikombe mpaka kikapoa.

Mpango ulikuwa wangoje giza, muuaji aje kwa nyuma akinyemelea, na maiti alale chini ya ukingo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Si hapo, mwanangu. Nilikuwa pale katikati, na giza halikuwepo. Ilikuwa saa saba, jua la utosi. Musau alikuja kwa mbele, akanisalimia vizuri, akaniomba maji. Nikampa. Alipomaliza kunywa alisema asante, ndio akachukua sepetu."

"Musau wa malori ya mchanga?" Kitonga aliuliza huku akipangusa lenzi.

"Kwani kuna mwingine?"

Basi wakapiga hivyo hivyo. Giza likaondolewa, kunyemelea kukaondolewa, na muuaji akatajwa kwa jina kabla dakika ya kwanza haijaisha. Iliyobaki ni hudi tu, kwa sababu Mwalimu alitaka angalau kanuni moja ifuatwe. Mzee alikufa vizuri, hawakuhitaji kurudia. Kisha akainuka, akajikung'uta mchanga, akaenda nyumbani kukaa jikoni na Mama Kamene. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa. Kamene alisikia mamake akicheka, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mazishi, akafurahi hadi akalia.

Filamu ilionyeshwa Ijumaa mchana kwenye ukumbi wa chuo. Mgeni wa heshima alikuwa Musau, maana yeye ndiye aliyeleta viti na soda, na kando yake alikaa naibu wa chifu. Ukutani, Mzee Kimanzi alimtaja Musau, akampa maji, akapigwa, akaanguka. Watu walitazama huku wakitafuna njugu. Hakuna aliyeshtuka. Mwalimu Nzembi akasema hapo ndipo kasoro ilipo, kwani taharuki itatoka wapi ikiwa kila mtu anamjua muuaji?

Musau akainua mkono.

"Mimi si mtu wa filamu," akasema, "lakini hiyo hudi hapana. Hiyo siku nilikuwa na shati ya mikono mifupi. Jua lilikuwa kali, ai!"

"Ya bluu," naibu wa chifu akaongeza.

Ukumbi ukacheka. Mwalimu akashukuru kwa maoni, akapunguza alama za mavazi. Kamene alisimama.

"Umesikia alichosema?" akamuuliza naibu wa chifu.

"Nimesikia. Ni ushauri mzuri. Rudieni."

Musau akajitolea kuigiza mwenyewe, na Kamene akakubali. Alijiambia kwamba mtu akifanya kwa mikono yake, uso wazi, kamera ikiona, hakuna atakayebisha tena. Nyumbani babake alimuuliza kama ana hakika.

"Mara moja tu, Baba," akasema.

Musau alifika saa saba na shati la bluu, lori lake likinguruma kule juu. Alimsalimia mzee kwa Kikamba, akaulizia mifugo, akaomba maji. Alikunywa yote. Akasema asante. Kitonga alisema baadaye kwamba hajawahi kupata mwangaza mzuri namna ile.

"Baba, tumemaliza," Kamene akasema.

Mzee hakuinuka. Kamene alipiga magoti, akamwita tena, akamtikisa bega, akamwita kama mtoto mdogo anavyoita. Musau alitupa sepetu kwenye lori, akawaambia wakihitaji tena wampigie simu.

Naibu wa chifu alikuja kwa bodaboda. Aliitazama video mara mbili na kusifu jinsi nyuso zilivyoonekana. Kisha akaandika kwamba mzee alikuwa mlevi na ukingo ukamwangukia.

"Na video?" Kamene akauliza.

"Video ni safi sana. Safari hii mtapata alama zote."

Jioni Mama Kamene aliacha mlango wa jikoni wazi kwa ajili ya mzee. Baridi ilipozidi, Kamene aliinuka akaufunga.