Mama Mkwe Ndani ya Vani

Mimi nina hasira za karibu, hilo hata mke wangu Anitha atakuambia bila kuulizwa. Lakini asubuhi ile ya Januari, kwenye maegesho ya apatimenti zetu za Adelphi, hasira zote zilinikwama kooni. Sikiliza halafu uniambie wewe ungefanya nini.

Kazi yangu ni kufunga hita kwenye magari. Ni kiboksi kinachokaa chini ya gari, kinanyonya dizeli kidogo kutoka kwenye tangi, kinapasha maji ya injini na kupuliza joto ndani kabla hujagusa funguo. Unaitegea saa, ukishuka na chai yako unakuta kioo hakina barafu. Tuko wawili, mimi na Macaire, Mkongomani wa Bukavu, na gereji yetu iko Riverdale Park. Msimu ule wateja walikuwa wamekauka, eti baridi ya Maryland si baridi ya kununulia mashine. Tulibakiza mteja mmoja wa maana, Madam Jepkosgei, mwenye vani kumi na moja za kubeba wazee kuwapeleka kituo chao cha mchana. Akikubali, tunafika Aprili. Akikataa, gereji inafungwa na mimi narudi kwenye ghala la Hyattsville kusukuma makatoni chini ya bosi niliyeapa sitamwona tena.

Alisema angekuja hapo kwetu saa moja kamili kuangalia vani yetu ya maonyesho, tuliyokuwa tumeinunua wiki moja kabla. Nikaitegea hita iwake saa kumi na mbili, na mlango nikauacha bila kufuli. Tena nikafanya ujanja mmoja, sikufichi. Hita ile ina matundu mawili ya joto, moja mbele kwa dereva, lingine nyuma kwenye miguu ya abiria. La nyuma nikaliziba, ili moto wote uje mbele. Mteja hufungua mlango wa mbele, na joto likimpiga usoni ameshanunua. Nani huwa anaenda kukaa nyuma?

Basi saa moja kasoro dakika kumi nashuka ngazi na thamosi yangu, namkuta Macaire amesimama mbali na vani, mikono kwapani.

"Patron," akaniita bosi kwa Kifaransa chake, "belle-mère iko ndani."

"Belle-mère wa nani?"

"Wa kwako. Mama ya madame. Ameshatoa hata viatu."

Hapo nilitamani ardhi inimeze. Ngoja nikueleze. Kwetu Bungoma, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hatupeani mkono, hatukai meza moja, na gari moja ndio kabisa. Miaka tisa nimemwoa Anitha, na mama yake hajawahi kuniambia neno. Kama ana la kusema, analipitisha kwa mtu. Alipokuja, wiki tatu kabla ya siku hiyo, kutusaidia na mtoto mchanga, kulala kwangu haikuwezekana, hata kama hapa ni Marekani. Tukamtafutia chumba kwa Edah, jirani wa chini. Kila asubuhi saa kumi na mbili, Edah akifunga nyumba kwenda kazini, mama naye anatoka, anangoja na mimi niondoke, ndipo anapanda kumwogesha mjukuu.

Siku hiyo sikwenda kazini mapema, na nilisahau kumwambia Anitha amjulishe. Mama akatoka, akaona gari langu la kila siku bado lipo, akajua niko juu. Nje baridi ilikuwa inakata masikio. Akaona vani asiyoijua inavuma polepole, akagusa mlango, ukafunguka, akakutana na joto. Akaingia nyuma kungoja niondoke. Na mimi sasa niko nje nangoja atoke, naye hawezi kutoka kwa sababu mimi niko nje.

"Juu ya nini hauende kumuambia atoke?" Macaire akauliza.

"Nenda wewe."

"Nilienda. Aliniambia anangojea bwana mmoja aondoke."

Nikataka kumkaripia, lakini Madam Jepkosgei alikuwa ameshaegesha. Si mtu wa kucheka ovyo yule. Alifungua mlango wa mbele, akaingiza mkono, akaitikia kwa kichwa. Moyo wangu ukatulia kidogo.

"Iko sawa," akasema. "Ingia uendeshe, tufike University Boulevard turudi, nione joto linashika namna gani."

"Madam, siwezi kuingia."

"Kwa nini?"

Nikamweleza huku nikiangalia tairi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hata sisi Wanandi tuna heshima zetu," akasema. "Lakini hatuziweki ndani ya gari la biashara. Nina mkutano saa mbili."

Nilimchukia kila mtu pale. Nilimchukia Macaire, nikamchukia Edah kwa kukaa ghorofa ya chini, nikajichukia mwenyewe. Madam akazunguka, akasukuma mlango wa nyuma. Mimi nikageuka upesi nikaangalia ukuta.

"Mama, habari ya asubuhi? Samahani kukusumbua. Joto liko aje huko?"

Nikasikia sauti ya mama, ile anayotolea ushuhuda kanisani.

"Binti yangu, mimi sipendi kusema vibaya kazi ya mtu. Kichwa kimepata moto. Lakini miguu nimeikalia, ndiyo maana unaona nimevua viatu. Aliyefunga hiki kitu alimfikiria dereva. Sisi wa nyuma alitusahau."

Nilitaka kujitetea, ila wapi. Mama mkwe habishiwi. Macaire naye, badala ya kunyamaza, akaona asaidie.

"Tundu ya nyuma patron aliizibaka jana."

Madam akanigeukia. "Uliziba?"

Uongo nilikuwa nao tayari, tena mzuri, wa mambo ya vumbi na usalama. Lakini yule mama alikuwa anasikia. Nikashindwa.

"Niliziba, Madam. Nilitaka ukifungua mbele ukutane na moto."

"Na wazee wangu wanakaa wapi?"

"Nyuma."

"Mafundi wawili kabla yako wameniambia joto linafika kila mahali. Huyu mama ndiye wa kwanza kuniambia ukweli." Akaangalia saa. "Nakupa dakika kumi. Yeye akiniambia miguu imepona, nasaini zote kumi na moja. Wewe usiniambie kitu."

Nikatandika katoni juu ya theluji, nikajilaza chini ya vani. Nikatoa kizibo. Ilibaki vali inayogawa joto kati ya mbele na nyuma, na ile lazima uigeuze kidogo kidogo. Macaire alisimama mlangoni akileta maneno. "Anasema bado." "Anasema bado tena." Kisha nikamtuma koleo kwenye gari langu, na simu ya Madam ikalia, akasogea pembeni.

Nikageuza vali. Kisha, kutoka juu ya bati, inchi chache kutoka kwenye pua yangu, ikaja sauti.

"Bado."

Nikaganda. Hakuwa na mtu wa kumtuma. Haonekani, sionekani, bati la sakafu liko kati yetu. Nikageuza tena.

"Bado, baba."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimelala chali na matope mdomoni.

"Mama, hizi asubuhi zote, kabla ya leo, ulikuwa ukiningojea wapi?"

"Hapo nje, kwenye ngazi za nyuma," akasema. "Si vibaya. Nina koti."

Wiki tatu. Mimi nauzia watu joto, na bibi wa mtoto wangu anakaa juu ya saruji ya barafu kila asubuhi akiniheshimu. Niliona aibu, na vali ile ikaniteleza mara mbili. Nikaishika vizuri, nikaigeuza taratibu, nikasikia hewa ya moto ikikimbilia nyuma.

Juu yangu nyayo mbili zikashuka kwenye sakafu, moja baada ya nyingine.

"Hapo hapo," akasema. "Sasa niitie huyo dada, nimwambie asaini."