Vape ya Guka Gerishon

Mke wangu Waruguru alipofariki nilihamia kwa binti yetu Idah, mtaani Kahawa Sukari. Sharti lake lilikuwa moja: akiniona na moshi tena, narudi kijijini Theta, na watoto wake siwabebi. Huyu aliyezaliwa mwaka jana, mvulana wa pili, anaitwa Gerishon kama mimi guka wake, babu mzaa mama. Ndiyo desturi yetu. Ukinikataza kumbeba umenikataza kujibeba mwenyewe.

Nikaacha sigara. Nikashika vape, ile ya kuchaji kama simu, ladha ya embe. Hiyo haina moshi, ina mvuke, kwa hivyo sharti sikuvunja. Lakini nilivutia nyuma ya tangi la maji, huu mwaka wa tatu.

Jumamosi asubuhi akaja msichana, Kamene, ametumwa na watafiti, tablet mkononi. Tukakaa nje mlangoni. Idah alikuwa jikoni anachagua mchele, dirisha wazi.

"Guka, ulisoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne. Hiyo ingine serikali ilikula."

"Umeoa?"

"Mke wangu alikufa."

Akasugua kioo cha tablet. "Hapa kuna ameoa, hajaoa, wameachana, na mengineyo. Niweke mengineyo?"

"Waruguru si mengineyo! Nani alitunga hii kitu? Na analipwa?"

"Niliwaambia ofisini, guka. Hawasikii."

Nikampenda hapo hapo.

"Umewahi kutumia vape?"

Nikatazama dirisha. "Sijawahi."

"Basi tumemaliza. Asante."

"Tumemaliza aje? Si maswali bado ni mengi?"

"Hayo ni ya wanaovuta. Kwa nini ulianza, na ungetaka serikali ifanye nini."

Miaka sitini na nane, hakuna mtu amewahi kuniuliza nataka serikali ifanye nini. Hata wakati wa kura wao ndio huniambia.

"Rudi nyuma," nikasema. "Andika ndiyo."

"Tangu lini?"

"Miaka tatu! Kila siku! Andika walifunga kiwanda chetu cha nguo Thika, nikakaa bure. Andika hizi vitu wanaacha ziuzwe kila duka kama peremende, tena na ladha ya embe! Mtu atakataa aje? Andika wiki ile ya Waruguru, hospitali ilisema mashine imeharibika. Andika nyumba ikinyamaza, mtu hutafuta kitu cha kuvuta."

"Pole pole, guka, unapiga kelele."

Nikageuka. Idah alikuwa mlangoni, mtoto kiunoni.

"Embe, baba?"

"Embe."

"Na mimi miaka tatu nasifu jirani kwa harufu ya maembe yake! Kumbe hana hata mti!"

Akanyoosha mkono. Nikampa vape, chaji ikiwa imejaa. Mtoto hakunipa.

"Hutarudi Theta," akasema. "Lakini mwezi mzima bila hii, ndio utambeba."

Akaingia na yule mimi mdogo, akafunga mlango.

Kamene akakohoa. "Guka, sasa niandike umeacha?"

"Andika."

"Tangu lini?"

"Dakika mbili," nikasema. "Na uandike ni ngumu."