Kumfukuza Mbu Redioni

Kila nilipokanyaga mafuta, redio yangu ya mawasiliano garini ililia nyiii, na shemeji akanibandika jina hewani: Mbu. Wenzetu wote wanaosikilizana nasi redioni wakalidaka. Nikaapa kwamba leo jina hilo linakufa.

Niling'oa waya wa umeme wa redio uliotoka kwenye tundu la kuwashia sigara, maana mlio wa injini ulipenyea humo, nikavuta mwingine mnene moja kwa moja hadi kwenye betri.

"Utatuunguzia gari, fundi wa kubahatisha!" dada alinicheka.

"Nenda kamwambie mumeo akae karibu na redio."

Nikawasha injini, nikakanyaga mafuta, nikabonyeza kitufe. "Shemeji, unanipata?"

"Nakupata safi, hakuna hata mlio. Lakini we ni nani? Shemeji yangu mimi ni Mbu!"