Jezi Namba Tisa ya Brännsele

Jesper Lindvik alifunga mabao mia tatu na kumi na sita katika nchi saba za watu, na kila alikofika aliibusu nembo ya klabu siku ya kwanza. Alianzia Denmark, akatangaza kuwa tangu utotoni ndoto yake ilikuwa kuichezea timu ile. Miezi kumi na minne baadaye ndoto ikahamia Uholanzi. Kutoka hapo ikapanda treni kwenda Ujerumani, ikashuka Italia, ikavukia Uturuki, ikaruka hadi China, mwisho ikaenda kuzeekea Uarabuni, ambako mashabiki mia mbili walimshangilia huku wakitafuta kivuli.

"Huyo bwana utoto wake ulikuwa mrefu," alisema Tuva Renmark. "Mimi wangu ulitosha ndoto mbili tu, na moja ilikuwa farasi."

Alikuwa ameketi juu ya meza ya chumba cha kubadilishia nguo, na wenzake wa timu ya wanawake walikuwa wameshika mbavu. Mwenyewe hakucheka. Mkononi alikuwa na ajenda ya mkutano mkuu wa mwaka wa klabu ya Brännsele, kijiji kidogo cha kaskazini kwenye theluji, na hoja namba kumi na moja iliandikwa na Jesper mwenyewe: kwamba, kwa heshima ya historia, jezi namba tisa isivaliwe tena na mtu yeyote, mwanamume wala mwanamke, bali itiwe kwenye fremu na kutundikwa ukutani.

Jezi hiyo ilikuwa mgongoni mwa Tuva. Alipewa akiwa na miaka kumi na sita, wakati timu ya wanawake ilikuwa na wachezaji kumi na kipa mwenye homa. Tangu hapo alikuwa ameifungia mabao tisini na manne, akitoka zamu kwenye kiwanda cha mbao na kuja uwanjani na vumbi la msumeno masikioni. Jesper, kabla hajaenda kuota Denmark, aliifungia mabao kumi na moja, mawili ya penalti.

Moa, yule kipa, alimwambia suala ni rahisi. Asimame, aseme. Mdomo si anao?

Tuva alisema atasema. Akaandika hotuba ya kurasa tatu, yenye vijembe ambavyo vingemtoa nyoka pangoni. Tatizo ni kwamba Brännsele, kumwambia mtu hapana usoni ni kazi ambayo haijawahi kupata mwombaji. Mtu akikukanyaga, unamtaka radhi kwa kuuweka mguu wako hapo. Na Tuva, pamoja na mdomo wake wote, alizaliwa hapo hapo.

Mkutano ulifanyika Jumapili mchana, mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imefika usawa wa madirisha. Wanachama arobaini na saba walivua viatu mlangoni kama kawaida, wakaketi kwa soksi. Kisha akaingia Jesper, na koti refu lenye kola ya manyoya, nywele zimelazwa kwa mafuta, na harufu iliyomtangulia hatua nne. Akaambiwa viatu. Akavua. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba cha mguu ule uliofunga mabao mia tatu kikatoka nje kuangalia kuna nini.

Moa aliuma mkono wa sweta yake ili asiaibishe klabu.

Mwenyekiti Ingegerd, mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya waliokuwepo kusoma, akampa Jesper nafasi ya kueleza hoja yake. Jesper alieleza. Alisema amecheza mbele ya watu elfu themanini, lakini moyo wake haujawahi kuondoka Brännsele. Tuva akafikiri kuwa huenda ni kweli, kwa sababu kilichoondoka ni sehemu nyingine zote. Paa la jukwaa lilipoporomoka kwa uzito wa theluji, wanachama walikuja wote na mabeleshi na misumari, wakafanya kazi wikendi sita. Moyo wa Jesper ulikuwepo, bila shaka, ila haukushika beleshi.

Mwishoni akamgeukia Tuva na tabasamu la kwenye matangazo ya wembe.

"Na wewe, mdogo wangu, utapata namba nyingine nzuri tu. Chukua kumi na tisa. Ina tisa ndani yake."

Tuva alifungua mdomo. Kurasa tatu zote zikapaa kama ndege walioona bunduki. Akaufunga.

Ingegerd akauliza kama mkutano unaikubali hoja. Sasa, ndiyo ya watu wa kaskazini haitamkwi, huvutwa: mtu anabana midomo na kuvuta hewa kidogo, kama anayeonja uji wa moto. Watu zaidi ya arobaini wakavuta kwa pamoja, huku kila mmoja akitazama magoti yake. Ukumbi ulikaribia kuishiwa hewa. Jesper akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa, pozi lile lile la nchi saba.

Ingegerd akanyanyua nyundo yake ndogo. Kwa kanuni za klabu, kabla nyundo haijagonga meza, mwanachama yeyote anaweza kudai kura ya karatasi bila kutoa sababu. Baada ya kugonga, hata ulie machozi ya damu. Tuva alijikuta mkono uko juu.

"Kura ya siri," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, kama si yake.

Jesper alicheka, akasema pigeni tu, si wote tumesikia? Akanyoosha mkono apewe na yeye karatasi. Ingegerd akamweleza kwa upole kuwa kura ni ya wanachama, na uanachama wake uliisha alipokuwa na miaka ishirini.

"Mimi si mwanachama, Ingegerd. Mimi ni historia ya klabu hii."

"Najua, mwanangu," alisema Ingegerd. "Kaa pale karibu na picha za zamani."

Karatasi zikakusanywa kwenye kopo la biskuti. Ingegerd na Moa wakahesabu mara mbili, kisha Ingegerd akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa ya kikohozi: ndiyo tatu, hapana arobaini na nne. Nyundo ikagonga.

"Sasa kahawa," alisema.

Tuva alitaka kupiga kelele, lakini aliishia kuchukua andazi la iliki. Jezi ilikuwa yake. Akasimama pembeni akila, na hapo ndipo alipoanza kuwasikia. Mmoja mmoja walimwendea Jesper, wakamshika bega, wakamnong'oneza kuwa wao walikuwa miongoni mwa wale watatu. Tuva alianza kuhesabu. Andazi la kwanza lilipoisha, wale watatu walikuwa wamefika kumi na mmoja. La pili, ishirini na sita. Wa ishirini na saba alikuwa Moa, ambaye saa nzima alikuwa amemwita Jesper mzoga.

Tuva alimkodolea macho. Moa akaangalia dari.

Jesper alimfikia Tuva akiwa na kikombe mkononi na kile kidole chake nje.

"Na wewe? Wa wale watatu pia?"

"Hapana," alisema Tuva. Safari hii ilitoka bila kukwama. "Mimi nilikukataa. Nikapigia mstari mara mbili."

Jesper alishusha kikombe.

"Basi nimempata mmoja. Nawatafuta wenzako arobaini na watatu."

"Usijisumbue. Hapa hutampata hata mmoja."

Kwa mara ya kwanza mchana ule Jesper alicheka kicheko kisicho na kamera. Akauliza ana mabao mangapi. Tuva akamwambia. Akauliza kama yote ni ya timu moja, kwa mshangao wa mtu aliyesikia kuna samaki wanaoishi mtini.

Ingegerd akapita na orodha ya Jumamosi, siku ya kuondoa theluji uwanjani. Akamuuliza Jesper kama amwandike, kwa kuwa moyo wake uko hapa. Jesper akatazama orodha, akatazama koti lake, akabana midomo na kuvuta hewa.

Miaka ishirini nje, na hiyo hakuisahau.

Jumamosi Tuva alikuja amevaa jezi namba tisa juu ya koti la baridi, amebeba mabeleshi mawili. La pili lilishinda limechomekwa kwenye theluji. Saa sita mchana Moa akamletea simu asome habari: Jesper Lindvik amejiunga na klabu ya daraja la pili huko Saiprasi, klabu aliyoiota tangu utotoni. Kwenye picha alikuwa akiibusu nembo.

Namba tisa huko ilikuwa na mwenyewe. Walimpa kumi na tisa.