Mzazi au Mlezi

Siku aliporudi kuwa mwanafunzi, mkunga huyu alikuwa na miaka arobaini na minne, watoto watatu, na zahanati nzima iliyomzoea. Mwajiri alikuwa ametangaza kwamba wakunga wote wa cheti wapande hadi stashahada, asiyetaka aage. Kwa hiyo alifungasha shuka, ndoo na sare mbili, akaenda chuo cha uuguzi, akapangiwa kitanda cha juu. Wasichana watatu wa chumba kile wangeweza kuwa wanawe. Walipomwona anapanda ngazi ya kitanda magoti yakilia, walihamisha godoro lake chini bila kuambiwa na mtu. Wakamwita Shangazi.

Wasichana hawakumsumbua. Kilichomsumbua ni kile kijitabu cha kanuni za mwenendo, walichogawiwa siku ya kwanza ukumbini na kutakiwa kukisoma kwa sauti, wote pamoja, kama watoto wa madarasa ya chini. Kucha ziwe fupi. Sketi ishuke chini ya magoti. Kupika chumbani, marufuku. Mwanafunzi asitoke getini bila ruhusa ya mzazi au mlezi. Simu zote zikabidhiwe kwa matroni Jumapili jioni na kuchukuliwa Jumamosi asubuhi. Atakayevunja kanuni ataitiwa mzazi au mlezi.

Alinyoosha mkono. “Wazazi wangu wote wametangulia. Mimi niandike nani?”

Mshauri wa wanafunzi, kijana mwenye tai iliyokaza shingo, ndiye aliyekuwa akisimamia. “Andika mlezi, mama.”

“Kwetu anayelea ni mimi.”

Ukumbi mzima ukacheka. Mshauri naye akatabasamu kidogo, kisha akajikaza. “Una mume?”

“Ninaye.”

“Basi umeshapata mlezi.”

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mlevi, hakuwa mkali, na watoto walimpenda. Ila mambo ya ndani ya nyumba aliyaona kama mgeni anavyoona mji wa watu, anapita tu. Asubuhi ya safari, pale stendi, kwa kuwa walishasikia kwamba chuoni simu hukusanywa, alikuwa amemchomekea mkewe simu ndogo ya tochi kwenye mkoba.

“Ile yako kubwa wape,” alisema. “Hii ficha.”

“Nifiche simu kama mtoto wa shule?”

“Sasa Mama Watoto, usipopatikana wiki nzima, mimi nitafanyaje?”

“Utafanya kama ninavyofanya mimi ukiwa kazini.”

“Chukua bwana, usinitie wasiwasi.”

Basi lilikuwa limeshawashwa, kondakta anagonga bodi. Akaichukua, ili yaishe.

Hayakuisha. Gesi imekata, nimwite nani? Maharage yanalowekwa au yanatiwa tu? Huyu mkubwa anasema wewe huwa unamruhusu kwenda mpirani, ni kweli? Mkunga alijibu maswali hayo yote akiwa chooni, bomba la maji limefunguliwa, huku akijiona kama mwizi. Kila mara alimwambia, “Usipige mchana.” Kila mara naye alisema, “Sawa, samahani, ni hili tu.”

Jumatano moja walikuwa kwenye chumba cha mazoezi wakijifunza kumbadilishia shuka mgonjwa asiyeweza kunyanyuka. Mgonjwa alikuwa mwanasesere wa plastiki mwenye macho yasiyofumba. Simu ikatetemeka mfukoni. Akaiacha. Ikatetemeka tena. Ya tatu ikamshtua, maana yule wa mwisho, binti wa miaka saba, alikuwa na pumu. Akaomba akalete foronya, akaingia stoo, akajibanza kati ya rafu mbili.

“Mtoto kafanya nini?” alinong'ona.

“Mtoto mzima kabisa. Sweta lake la shule liko wapi?”

“Umenipigia mara tatu kwa sababu ya sweta?”

“Mwalimu kamrudisha nyumbani, nami nina kazi ya watu mezani.”

“Nyuma ya mlango.”

“Mlango upi?”

“Mlango upi! Nyumba ina milango mia? Wa chumba cha watoto, baba wee, wa chumba cha watoto!”

Ile ya mwisho haikuwa kunong'ona tena. Matroni alifungua stoo, akanyoosha kiganja, akasubiri. Kwenye simu sauti ya mumewe ilikuwa bado inaendelea: “Hapa naona taulo tu.”

Ofisini kwa mshauri alikiri mara moja. Alisema kanuni aliijua, aliivunja, na yuko tayari kwa adhabu yoyote.

“Adhabu baadaye,” alisema mshauri. “Kwanza mlezi wako aje Ijumaa.”

“Naomba asiitwe.”

“Kwani nyumbani kuna matatizo?”

“Hakuna. Ni kwamba mimi ni mtu mzima.”

Mshauri aliweka kalamu chini. Aliongea kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi, kwa sababu ulimnyima mtu wa kugombana naye. “Nakuelewa, mama. Lakini humu ndani wewe ni mwanafunzi. Nikianza kuchagua nani aitiwe mlezi na nani asiitiwe, kesho wale wasichana watanishika shati.”

Ijumaa mumewe alikuja amevaa suti yake ya sherehe. Akakaribishwa kiti chenye mto. Mkunga hakuambiwa akae. Alisimama pembeni ya kabati, mikono nyuma, kama ilivyoandikwa kwenye kanuni, huku mshauri akieleza jinsi mwanafunzi alivyokutwa stoo na simu isiyoruhusiwa wakati wa somo.

Akamtazama mumewe. Sasa atasema, aliwaza. Atasema, mwalimu, simu ile nilimpa mimi, na aliyepiga ni mimi.

Mumewe alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari za msiba wa mbali. “Kwa kweli amenisikitisha.”

Mkunga alidhani hakusikia vizuri.

“Ni mtu mzuri huyu,” mumewe aliendelea, akijiegemeza, kiti kimeshamkubali. “Mchapakazi. Ila kuna wakati hasikii. Niachie mimi, nitazungumza naye.”

“Simu hiyo…” mkunga alianza.

“Mwanafunzi,” mshauri alimkata, mkono juu. “Mwache mlezi amalize.”

Mlezi akamaliza. Aliahidi kwamba jambo kama hilo halitarudiwa, akaweka sahihi, na kwa ahadi hiyo mwanafunzi akasamehewa adhabu. Kisha wanaume wale wawili wakasahau kwamba yupo. Mshauri aliuliza kuhusu bawaba za geti la chuo zinazolia, mumewe akasema kilainishi hakitoshi, bawaba zenyewe zimepinda, wakacheka jambo fulani, wakapeana mikono.

Walitembea mpaka kwenye lile geti. Mlinzi alikuwa akisikiliza redio.

“Mbona umenuna?” mumewe aliuliza. “Si umesamehewa?”

“Nani alinipa ile simu?”

“Ah, Mama Watoto.”

“Nakuuliza. Na nani alipiga?”

“Sasa ningesemaje mbele ya kijana yule? Aniweke mimi kwenye kosa, mtu mzima na suti yangu?”

“Mimi si mtu mzima?”

“Wewe ndiye mwanafunzi hapa.”

Alisema kwa mzaha, na pengine alitegemea acheke, maana wao walikuwa watu wa kutaniana. Mkunga hakucheka. Miaka ishirini ya ndoa walikuwa wamegombana juu ya mambo mengi, ndugu, pesa, jina la mtoto wa pili, lakini hakuwahi kujisikia mdogo mbele yake hata siku moja. Sasa alijisikia mdogo, na aliyemfanya hivyo wala hakuona alichofanya.

“Nenda,” alisema. “Utachelewa basi.”

Alirudi ofisini kwa mshauri na kubisha hodi.

“Naomba ufute ule msamaha.”

“Sijakuelewa, mama.”

“Nilivunja kanuni. Nipe adhabu yangu niifanye. Sitaki kuombewa na mtu.”

“Watu huja hapa kulia wasamehewe, wewe unaukataa msamaha?” Mshauri alichukua kalamu. “Hivi ile simu ulipewa na nani?”

Jibu lilikuwa mdomoni kabisa. Angelisema, na angelisema kwa raha. Lakini aliyetakiwa kulisema alikuwa njiani kwenda stendi, na likitoka kinywani mwake yeye lingekuwa mashtaka tu. Alilimeza.

“Adhabu ni nini?” aliuliza.

Ilikuwa ni kufyeka nyasi nyuma ya jiko, wiki nzima, kila jioni baada ya masomo. Alifyeka. Nyasi zilikuwa ngumu na fyekeo butu, na siku ya pili viganja vilishatoka malengelenge. Wasichana wa chumbani walikuja kumpokea fyekeo, mpishi akawafukuza, kwamba kanuni hairuhusu kusaidiana adhabu. Wakakaa kwenye ngazi za jiko na kumsomea madaftari kwa sauti, kwa kuwa Ijumaa kulikuwa na mtihani. Yeye anafyeka, wao wanataja mishipa ya moyo. Akikosea jibu walimzomea: “Shangazi, rudia!” Alirudia. Kuna wakati aliwacheka, lakini hasira ilikuwa pale pale. Alimkasirikia mumewe, akamkasirikia mshauri na tai yake, akamkasirikia yule aliyekaa mahali fulani akaandika “mzazi au mlezi” bila kufikiria kwamba mwanafunzi mwenyewe anaweza kuwa mzazi wa mtu. Zaidi ya wote alijikasirikia kwa kuichukua ile simu pale stendi, ili yaishe.

Jumamosi, adhabu ilipokwisha, mumewe alikuja bila suti, amevaa ovaroli ya kazi, na amemshika mkono yule binti yao wa mwisho. Hakuja moja kwa moja kwenye benchi la wageni, alikokuwa amekaa mkewe. Mkunga alimwona anaingia ofisini kwa mshauri, akamwona anatoka. Akaja akakaa, akajikuna kidevu.

“Nimemwambia,” alisema.

“Umemwambia nini?”

“Kwamba simu nilinunua mimi, na nilipiga mimi. Na kwamba Ijumaa ile nilikaa pale nikajifanya sijui.”

“Akasemaje?”

“Akasema asante kwa ukweli wangu, lakini kanuni haina kifungu cha mtu aliyepiga. Ina cha aliyepokea tu, na kwamba adhabu ya nyasi uliiomba mwenyewe.” Akatazama viganja vya mkewe, akageuza uso. “Nikamwambia basi nipeni mimi zile nyasi. Akasema mimi si mwanafunzi.”

Mkunga alikuwa amengoja maneno hayo wiki nzima. Alidhani yakija yatampoza. Yalimpoza kidogo, kama maji ya kunawa uso, na chini yake uchovu ukabaki ulivyokuwa.

“Ungesema siku ile ile,” alisema.

“Ningesema.”

“Na sweta lingekuwa limepotea, mtoto angevaa lolote. Dunia isingesimama.”

“Ni kweli.”

“Bado nina mwaka na nusu hapa. Sitapokea simu ya chumvi iko wapi. Hata nikiruhusiwa.”

“Sawa.”

Alijibu “sawa” kama alivyoijibu siku zote, na mkunga hakujua kama safari hii ina uzito. Aliamua kutouliza. Mtoto aliyekuwa akibembeza miguu benchini akainua kichwa.

“Mama, kwani ulifanya nini mpaka ukakatishwa nyasi?”

“Nilipokea simu.”

“Ya nani?”

Mkunga alitazama upande mwingine, kwenye kamba za kuanikia sare, akaacha swali lining'inie.

“Yangu,” baba yake alisema. “Nilipiga mimi. Nilikuwa nauliza kitu ambacho ningekitafuta mwenyewe.”

Mtoto alimkodolea macho baba yake kwa mshangao, kisha akaendelea kubembeza miguu. Filimbi ya matroni ikalia. Mkunga alimkumbatia mwanawe, akampa mumewe mkono, akaingia ndani kujiandaa kwa zamu ya wodini.