Kamba Namba Moja

Nimeandika riwaya nne na filamu mbili, na katika zote sita nimemuua baba yangu. Wahakiki wa Edinburgh walisema naijua huzuni ya wachimba makaa ya mawe kuliko wachimba makaa wenyewe. Niliwaamini; nani hukataa sifa?

Kisha baba, Tam Rennie, akafa kweli, nami nikarudi kijijini Ayrshire, Uskoti, roho juu, sijui kama nitapewa kamba. Kwetu jeneza huteremshwa kwa kamba nane, kila moja na namba yake, na namba moja, ya kichwani, hushikwa na mwenye msiba. Kunyimwa kamba ya baba yako ni kuambiwa mbele ya kijiji kizima kwamba hukuwa mtoto wake. Na nilistahili kunyimwa. Katika riwaya ya kwanza nilimfanya mlevi, yeye ambaye hakuonja pombe hata siku ya harusi yake. Mlevi anauzika. Baba alinunua nakala tatu, akawaambia wenzake kwenye klabu ya wachimba makaa kwamba yule ni baba wa mtu mwingine.

Dada yangu Senga ndiye aliyekaa naye miaka yote, akimpikia supu na kumsikiliza akikohoa. Nilimkuta mezani na kadi za namba. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama na mimi nimo.

"Wewe ulishamzika, tena mara sita," alisema. "Waachie na wenzako."

Akanisukumia kadi bila kunitazama. Namba moja.

"Usinishukuru. Orodha kaiandika baba mwenyewe. Ningekuwa mimi, ningekupa vyombo uoshe."

Makaburini kulikuwa na manyunyu. Mzee Purdie, aliyechimba makaa na baba miaka thelathini, aliniuliza kama nimewahi kushika kamba. Nikamwambia kazi hiyo naijua. Nilikuwa naijua kwa kuiandika: kwenye filamu yangu moja mtoto hujiviringishia kamba mkononi mara tatu, kisha uso wake unaonyeshwa kwa karibu. Basi nikaviringisha mara tatu.

Jeneza likashuka, na uzito wa baba ukanipigisha magoti matopeni. Katika kurasa zangu zote hakuwahi kuwa na uzito. Lilipofika chini, wenzangu saba waliachia kamba zao zikaanguka juu ya kifuniko. Yangu ilikuwa imelowa na kunibana mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Achia, Dougal," Senga alinong'ona.

"Siwezi."

Wanawake nyuma wakaanza kunililia. Mchungaji akainamisha kichwa. Mzee Purdie peke yake ndiye aliyeona.

"Kajifunga, mpumbavu huyu," alimwambia Senga.

Senga akapiga magoti kando yangu, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokuwa akikibana, akafungua mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Haya, imefunguka. Achia sasa."

Nilijaribu. Kamba haikunibana tena; sikuwa na cha kusingizia. Nikaendelea kuishika, na Senga, ambaye sasa alikuwa ameacha kucheka, akashika pamoja nami.